Wafuasi Wote wa Abdulrahim

Jumatano, 8 Juni 1910. Ndama.

Leo baada ya alasiri Mzee Ramadhani, anayetuswalisha, ametangaza jambo. Mkungu, mtawala wa hapa, ametoa nyumba kubwa kwa ajili ya wale walioachwa bila mtu na ndui ya mwaka jana. Nyumba ina kuta, ina uwanja, haina msimamizi. Sisi wenye maduka tutoe mmoja wetu. Anayetaka azunguke Ndama, Nyakasimbi na Kituntu, achunguze nani ana shida na shida gani, aandike, alete habari msikitini Ijumaa ya wiki ijayo. Asipopatikana mtu, mkungu ataifanya nyumba hiyo zizi la ng'ombe wake.

Msimamizi! Neno tamu. Marehemu babu alitoka Pangani akiongoza wapagazi mia mbili. Mimi nina miaka arobaini na miwili na sijaongoza hata mbuzi. Nauza kaniki.

Abdulatifu, mwenye duka la chumvi mkabala na langu, akakohoa. Kikohozi cha mtu anayetaka cheo, nakijua. Nikakohoa zaidi yake. Mzee Ramadhani akatushauri sote wawili tunywe tangawizi.

Alhamisi, 9 Juni.

Uchunguzi umeanza. Nimeufanyia dukani kwangu, kivulini, nimekaa. Kila aliyeingia nilimuuliza amepungukiwa na nini. Wote wamepungukiwa na kaniki. Nimeandika: shida kuu ya nchi hii ni kaniki. Kazi imekwisha kabla ya adhuhuri.

Nimemsomea mke wangu Mwanamisi. Akasema aliyeingia duka la kaniki angetaka nini, jembe? Akasema uchunguzi huenda kwa miguu. Baba yake alikuwa mtu wa pwani lakini mama yake ni Mnyambo wa Kituntu, kwa hiyo kwa mambo ya hapa hujiona mwalimu. Nimefunga daftari kwa heshima ya ndoa.

Jumamosi, 11 Juni.

Nyakasimbi, kwa miguu. Nilikuwa na swali moja: je, mna shida? Kila nyumba wakanijibu hawana, karibu mgeni, kisha wakaniletea kahawa ya kutafuna katika kijikapu. Kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Nimetafuna.

Nikagundua kanuni. Anayetoa kahawa ana akiba, mwenye akiba hana shida. Nyumba kumi na nane, vijikapu kumi na vinane. Nyumba ya kumi na tisa tu ndiyo sikupewa kitu, maana mwenyewe hakuwepo. Ilikuwa ya mkungu. Nimemwandika: maskini pekee wa Nyakasimbi ni mkungu.

Kahawa imeniharibia mwandiko, umekuwa wa kuku. Mwanamisi amesoma juu ya bega langu. Akasema kwa watu wa kwao mgeni hupewa hata kahawa iliyobaki moja, na mwenye nyumba hulala na njaa akijisifu. Hilo halikuwa katika swali langu.

Jumatatu, 13 Juni.

Habari mbaya. Abdulatifu hachunguzi chochote. Anakaa njia panda na gunia, na kila anayepita akilitaja jina lake kwa sauti anapewa chumvi ya kulamba. Watu wamejipanga! Mtoto wa jirani yangu amelitaja mara tisa.

Nimekasirika, kisha nikaona kumbe mwenzangu ameelewa na mimi sikuelewa. Mambo ya orodha ni ya makarani. Kiongozi ni watu. Siku ya Ijumaa mwenye watu wengi nyuma yake ndiye atakayepewa nyumba, Mzee Ramadhani atake asitake.

Nimemwita Rwegasira, mpiga mbiu. Nyumbani kwake ni Kinyambo mtindo mmoja, ila Kiswahili alikiokota kwenye misafara, nusunusu. Nikamwagiza apite vijiji vyote vitatu atangaze kwamba wafuasi wa Abdulrahim wakutane mbele ya duka langu Alhamisi asubuhi. Watakula ndizi na maharage. Akaniuliza kama ninawataka wote. Nikamwambia wote, asibakize hata mmoja. Akauliza na wale wadogo kabisa? Nikasema kwangu mimi hakuna mdogo wala mkubwa.

Machozi yakamlengalenga. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaomba Mungu anilipe. Uongozi bwana, ukiwa nao hauwezi kufichika.

Alhamisi, 16 Juni.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Hakuna mahali pengine.

Alfajiri nilivaa kanzu ya Idi na kufungua mlango. Mbele ya duka watoto watatu wameshikana mikono. Nikawauliza wamefuata nini, wakakaa chini. Nikawapuuza nikingoja wafuasi. Wakaja watoto watano. Wakaja wengine saba. Akaja bibi mmoja kutoka Kituntu na wajukuu wanne, ametembea tangu jana, amembeba mmoja. Kufika adhuhuri nilikuwa nao arobaini na mmoja, na aliye mrefu kuliko wote ananifikia kiunoni.

Nikamshika Rwegasira. Yeye akashangaa ninachoshangaa. Kwao mtoto aliyefiwa na wazazi huitwa enfuzi. Aliponisikia nikisema wafuasi, alijua mtu wa pwani analitamka neno lao kwa ulimi wake mgumu. Ametangaza vijiji vitatu kwamba Abdulrahim wa Ndama anawaita mayatima wote, na anawalisha. Huko kote, anasema, wananiombea dua.

Nilifikiri kuwarudisha. Nikatoka na maneno yangu tayari. Kitoto cha kike, Kokugonza jina lake, kilikuwa kimelala juu ya robota la marekani, na mkononi kimeshika ndizi mbichi ambayo hakijaila. Kiliambiwa asile mtu kabla mwenye nyumba hajakaribisha. Nikaona huruma. Naandika kwa sababu hili daftari ni langu na halisomwi na mtu. Nikarudi ndani, nikatoa ndizi.

Ndizi zikaisha. Maharage yakaisha. Mwanamisi akatia unga wa mtama, akatia mihogo ya jirani, na huku anakoroga anamwita mtoto mmoja mmoja kwa Kinyambo. Unaitwa nani, umetoka wapi, umelala wapi jana, nani anakupa chakula. Mimi akanipa amri niandike katika daftari jingine. Nikaandika hadi magharibi. Watatu wanalala chini ya ghala la jirani. Wawili ni mapacha, hawakubali kuulizwa mbalimbali. Yule bibi wa Kituntu hajala tangu juzi ila alikuwa hataki iandikwe. Iliandikwa.

Vidole vinauma. Na kesho sina hata mfuasi mmoja mwenye ndevu.

Ijumaa, 17 Juni.

Hila mpya ilinijia kwenye wudhu. Mtoto naye ni mtu. Nikawapanga wote arobaini na mmoja nyuma yangu, warefu mbele, tukaingia uwanja wa msikiti kama jeshi. Mwanamisi akaja nyuma na yule bibi.

Abdulatifu alikuwa ameshafika na watu wazima thelathini, wote wanalitaja jina lake, midomo imejaa chumvi. Mzee Ramadhani akawauliza mmoja mmoja wana shida gani. Wote wakajibu kiu. Akawaonyesha kisima, wakaondoka, wala hawakurudi.

Zamu yangu. Nikaanza hotuba juu ya babu yangu wa Pangani. Mzee akanyoosha mkono kuomba lile daftari la watoto. Nilikuwa nimelichukua kwa ajili ya kulishika tu, kiongozi hupendeza akiwa na daftari. Akasoma ukurasa wa kwanza, akavua kofia. Akasoma hadi mwisho, na mkungu amesimama pembeni anasubiri zizi lake. Kisha Mzee akauliza ni nani aliyewauliza watoto hawa maneno haya yote.

Nikafungua mdomo. Watoto arobaini na mmoja wakageuka wakamtazama Mwanamisi.

Basi. Mzee akasema nyumba hutunzwa na anayejua majina ya waliomo. Mkungu akakubali, ingawa alipotupeleka kwenye nyumba ile aliugusa ukuta kwa masikitiko. Msimamizi ni mke wangu. Abdulatifu ni wa kuni. Mimi karani wake, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka siku ambayo sijatafuna kahawa. Leo wamelala ndani, chini ya paa, wote. Mwanamisi akamshukuru Mzee, akaniuliza mimi kama nimeleta wino.

Jumapili, 19 Juni.

Nimelitafakari jambo hili siku mbili, na sasa nimeliona kosa. Kosa halikuwa kwangu. Kosa lilikuwa neno. Ukisema na watu wa lugha mbili, neno litakwenda wanakolitaka wao.

Fursa imerudi haraka, alhamdulillahi. Kituntu kuna wazee wasio na wa kuwachotea maji, na Mzee Ramadhani anatafuta mtu wa kuwachunguza. Abdulatifu ameshakohoa. Mwanamisi amenishauri nianze kwa kwenda kuwaona. Nimemwambia ushauri wake ni mzuri kwa mambo madogo.

Kazi haiendi vizuri, maana kile kitoto Kokugonza kimeshika upindo wa kanzu yangu tangu asubuhi. Nikienda dukani kipo, kisimani kipo, msikitini kinaningoja mlangoni kimekaa juu ya viatu vyangu. Nimekiambia kirudi kwa wenzake, mimi nina watu wa kutafuta. Hakisikii Kiswahili. Mchana nimekipa ndizi, tukala wote.

Mpango wa safari hii hauna neno hata moja. Rwegasira atazunguka Kituntu kutwa nzima akipiga ngoma, kubwa kuliko zote, polepole, kwa uzito unaonistahili. Watu wenyewe watakuja kuuliza, na watanikuta.

Rwegasira ameniuliza nani amekufa. Nimemjibu apige tu, watajulishwa wakishafika.