Plagi ya Mashine ya Majani, Mjukuu na Bibi Vigae

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Binti yangu kapiga simu. Anakuja Jumamosi na mjukuu! Wiki nzima! Mtoto anasimama dede, bado hatua tu. Lakini binti katoa sharti: kama uani bado ni pori kama mara ile, watafikia kwa Bibi Vigae. Huyo ni mama mkwe wake, ambaye ua wake kautandika vigae vitupu, hata mende anateleza. Mjukuu wangu akapige hatua ya kwanza kwa Bibi Vigae? Nikiwa hai?

Mzee wangu kasema nisihangaike, atakata majani Jumamosi asubuhi, na mashine nisiiguse.

Sikuigusa. Niliiosha tu. Ilikuwa na vumbi na mgeni anakuja. Nikailaza ubavu, sabuni, ndoo mbili za maji, kila kitundu. Ikang'aa. Nikavuta kamba niisikilize. Kimya. Nikavuta tena. Kimya cha msibani.

Mzee hajui. Hana haja ya kujua. Fyekeo lipo, ila mgongo wangu na fyekeo waliachana zamani.

Jumanne, tarehe 4

Mzee kaenda kazini na pikipiki yake. Nikatoa kitabu cha mashine. Maandishi madogo kama sisimizi, nami shule niliishia darasa la nne, basi nikafuata picha. Picha inaonyesha plagi, ile ya kutoa cheche ya kuwashia injini. Nikaifungua kwa spana ya mzee. Maskini ya Mungu, imelowa chapachapa na ina masizi kama sufuria ya kuni. Nikasema huyu ana mafua tu.

Nikaisugua kwa waya wa kusugulia vyombo. Nikaiweka juu ya jiko ikauke. Ikawa ya moto mno kushika, na mimi subira sina, nikaitumbukiza kwenye kikombe cha maji baridi. Ikatoa kimlio kidogo, tak. Nikaifuta, nikairudisha.

Nimevuta kamba mara arobaini. Choki, ile ya kuongeza petroli, niliivuta mpaka mwisho, nikidhani ni kama kumwongezea mgonjwa maziwa. Haikukohoa hata mara moja. Petroli ikanimwagikia miguuni. Jioni mzee kauliza mbona nanukia kituo cha mafuta. Nikasema ni mafuta mapya ya kujipaka.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata akili! Pikipiki ya mzee ina plagi. Plagi si ni plagi?

Mzee akioga hutumia robo saa, kwa sababu huimba nyimbo zote anazozijua, nazo ni mbili. Alipoingia bafuni nikatoka na spana. Kumbe plagi ya pikipiki ni nyembamba. Inapwaya kwenye tundu la mashine kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Sikukata tamaa. Nikaizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko minane, ikakaa imara kabisa. Nikavuta kamba. Hakuna kitu. Nikavuta. Hakuna.

Wimbo wa pili ukafika mwisho. Nikairudisha kwenye pikipiki mbiombio, tepu nimeitoa nusu tu. Kile kikofia cha waya cha juu sina hakika kama nilikibana. Naandika haya na mzee kakaa hapo nje kando ya pikipiki, anakunywa chai kwa amani. Ni mtu mwema. Namhurumia.

Alhamisi, tarehe 6

Pikipiki imegoma. Mzee kaisukuma hadi kwa fundi na magoti yake yale. Nilimtazama dirishani, roho inaniuma. Kabla hajaondoka nilimfungashia nyama vipande vinne badala ya viwili. Zaidi ya hapo ningefanya nini?

Jioni karudi. Fundi kamwambia tangu aanze kazi hajaona plagi iliyovishwa tepu ya bomba, akacheka hadi akakaa juu ya ndoo. Mzee akauliza ni nani angeweza kufanya kitu kama hicho. Nikasema dunia imeharibika. Akaitazama mikono yangu, kisha akaomba chai.

Binti naye kapiga kuuliza majani yakoje. Nikasema yanashughulikiwa. Akasema Bibi Vigae ameshatandika kitanda cha mtoto, na ameweka chandarua kipya cha rangi ya waridi. Chandarua cha waridi! Yule mwanamke hana aibu.

Ijumaa, tarehe 7

Nimekwenda kwa fundi mwenyewe, plagi nimeifunga kwenye leso. Nikamwambia ni ya jirani yangu, mama mmoja asiyejua mambo ya mashine. Fundi akaigeuza juani, akanionyesha ufa kwenye ile sehemu nyeupe kama kaure. Akauliza kama huyo jirani aliichoma moto kisha akaitia maji. Nikasema yule, lolote linawezekana.

Akasema hiyo haifai tena, cheche inapotelea kwenye ufa. Akanipa mpya inayolingana nayo, akanifundisha polepole. Kwanza nivute kamba tundu likiwa wazi, petroli iliyojaa itoke, nisubiri pakauke. Kisha plagi niichomeke kwenye kikofia chake, niishike kwa koleo lenye vishikio vya mpira, iguse chuma cha injini, nivute kamba na nitafute cheche ya bluu. Nikiiona, niifunge kwa vidole mpaka ikome, halafu spana kidogo tu. Na choki nisiifanye mchezo.

"Na umwambie huyo jirani," akasema, "pikipiki ya mumewe aiache ipumzike."

Nikasema nitafikisha salamu.

Nyumbani nikafanya kama alivyosema. Cheche! Ndogo, ya bluu, nzuri kama jicho la paka. Nikafunga, nikavuta mara mbili, ikanguruma. Nikalia kidogo. Kisha nikakata ua wote, kona hadi kona. Mistari imepinda, lakini imekatwa. Mzee aliporudi nikamwambia mzee wa nyumba ya pili kajitolea kutukatia. Yule ana miaka themanini na anatembelea fimbo. Mzee akasema Mungu ampe nguvu zaidi.

Jumamosi, tarehe 8

Wamefika! Nikampokea mjukuu, nikamsimamisha katikati ya majani, sote tukasubiri. Akayagusa kwa unyayo mmoja. Akakunja miguu yote miwili juu kama kuku anayebebwa, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Hataki majani. Yanamtekenya vibaya.

Lakini mabegi yameingia ndani, na jina la Bibi Vigae halijatajwa hata mara moja. Na alasiri, jikoni, juu ya sakafu tupu, mtoto aliachia kigoda akapiga hatua mbili mpaka kwenye sketi yangu. Kwangu! Nimemwambia binti ampigie mama mkwe wake amjulishe, kwa heshima.

Baadaye mzee akaja akasimama mlangoni.

"Mama watoto," akasema, "nimejua tangu Jumatatu. Mashine ilinukia sabuni. Nilikuwa nangoja uniambie."

Nikamuuliza na pikipiki je, aliisukuma huku anajua? Akasema aliona nimejitahidi sana, akaona haya kunivunja moyo. Tukacheka hadi binti akaja kuona kuna nini. Nimeahidi sitagusa chombo chake chochote bila kumwambia. Nimeahidi kwa moyo mweupe kabisa.

Jumapili, tarehe 9

Siku njema. Mtoto kala vizuri. Mzee na binti wametoka kidogo. Feni ya chumbani ilikuwa inalia kwi-kwi juu ya mjukuu akiwa amelala, nami nikahurumia usingizi wake. Ahadi ilikuwa ya vyombo vya mzee, na feni niliinunua mimi. Nikaifungua, nikaitia mafuta ya kupikia vijiko viwili, nikaifunga. Skrubu tatu zimebaki, sijui za wapi, lakini inaonekana imara.

Hailii tena. Wala haizunguki. Wakirudi nitawaambia mtoto mdogo humfaa zaidi upepo wa dirishani.