Kumruka Žaneta

Jumatatu, 6 Mei
Mwalimu Hedviga ametupima shuleni. Mimi, Sidonia: sentimita mia moja arobaini na moja. Žaneta, binti wa shangazi yangu: mia moja arobaini na mbili! Timu ya mpira wa mikono inataka golikipa mmoja, na mwalimu anamtaka mrefu. Atatupima tena Ijumaa. Nina siku nne tu za kurefuka! Jumapili ni mechi mjini Košice, na lile goli nalitaka kuliko kitu chochote.

Jumanne, 7 Mei
Nimening'inia kutwa kwenye chuma cha kukung'utia mazulia. Kaka yangu Gejza akanivuta miguu ili kusaidia. Kilichorefuka ni suruali.

Jumatano, 8 Mei
Sikukuu, hakuna shule. Nimepata! Kama mimi sirefuki, basi Žaneta naye asirefuke. Sisi Waroma wa mtaa huu wote tunajua: mtoto akirukwa amelala, anadumaa. Mchana alikuwa amelala kwenye zulia uani, mdomo wazi. Nikamruka. Nikazunguka kichwani kwake, nikamruka tena. Na tena!

Kumbe bibi yetu Irma yuko dirishani. Kelele zake! "Wewe Sidonia! Unataka mwenzio awe kigoda?" Akaamuru nimruke kwa kurudi nilikotoka, idadi ileile, ndipo afunguke, arefuke tena. Mara ngapi? Sikumbuki. Basi mia, akasema bibi, tuwe na uhakika. Mtaa mzima ukatoka kuhesabu. Žaneta alijilaza kama bibi harusi, akila marikli, mkate wetu bapa, wa moto kutoka jikoni, huku akinihimiza niinue mguu vizuri, mkate wake unaingia vumbi.

Alhamisi, 9 Mei
Siwezi kupanda ngazi. Siwezi kushuka ngazi. Gejza amenipeleka shule kwa toroli.

Ijumaa, 10 Mei
Mia moja arobaini na mbili! Chuma kimefanya kazi! Žaneta naye: mia moja arobaini na mbili. Sare! Nikapiga vigelegele. Mwalimu akasema basi, golikipa ni atakayeruka mbali zaidi.

Kuruka! Kwa miguu hii!

Žaneta alitua mbali huko. Mimi nilifika ukingoni mwa mchanga, nikakaa. Nimelia, sifichi. Žaneta akanikumbatia, akasema nitakuwa wa akiba na tutakaa pamoja kwenye basi. Nikamwambia sitaki huruma yake. Kiti cha dirishani nimekubali.

Jumapili, 12 Mei
Tumefungwa kumi na tisa kwa mawili. Žaneta alidaka mpaka vidole vikavimba, nami nilimshangilia mpaka sauti ikakauka. Njiani kurudi wote walinuna. Mimi natabasamu tu.

Golikipa wao, jitu zima la msichana, alijilaza chini kabla ya mechi kunyoosha misuli, macho kafumba. Nimemruka mara tano! Bibi Irma hayupo, na kule mjini hakuna anayejua kufungua. Mwakani atanifika kiunoni.