Karatasi ya Garufalia

Jumatatu, 6 Oktoba

Polixeni, kama umelifungua tena daftari hili, lifunge sasa hivi urudi jikoni ukaangalie maharage. Mambo ya mama mkwe si gazeti. Ulipoungua mkono mwezi uliopita nilijua sababu: sufuria kule, macho huku.

Habari ya leo. Mdogo wangu Garufalia amelazwa hospitali ya mjini Larisa. Moyo. Watampasua Jumatatu ijayo. Hainihusu. Hatujasemezana miaka kumi na mmoja.

Nimekunywa kahawa tatu. Hainihusu.

Basi niandike ukweli, maana lazima usemwe mahali. Mama alipotimiza miaka mitatu kaburini, siku ya kumfukua iliwadia, kama tunavyowafukua wafu wetu wote, kuosha mifupa kwa divai na kuiweka sandukuni. Tulipatana saa tatu. Saa tatu nilikuwa makaburini. Garufalia alishamtoa, alishamwosha, alishamfunika kitambaa! Eti mchimbaji alikuwa na haraka. Kichwa cha mama yangu mwenyewe sikukigusa.

Jumapili iliyofuata nikaandika karatasi ya majina, ile anayopewa padri aisome kwenye ibada. Kushoto wazima, waombewe afya. Kulia marehemu, waombewe pumziko. Garufalia nikamwandika kulia. Hapo amekaa mpaka leo. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu bibi yetu naye aliitwa Garufalia. Walidhani namkumbuka bibi.

Sasa kalazwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Akifa, nani kamuua? Mimi, kwa penseli.

Lazima ahamie kushoto kabla ya kisu. Kumwambia Padri Thimios? Sithubutu. Mkewe ataifikisha habari kwa muoka mikate kabla unga haujaumuka, na jioni kijiji kizima kitajua Asimina alimzika mdogo wake akiwa hai.

Nimepata njia! Monasteri za Meteora, juu ya majabali. Ni mwendo wa saa nne kwa gari, lakini masista wa kule hawanijui. Unawapa jina, wanaliombea siku arobaini mfululizo. Na wako juu kabisa, jina halina safari ndefu. Siku arobaini zao zitaifuta miaka kumi na mmoja ya Padri Thimios, anayesoma majina kama anafukuza mbuzi shambani.

Nimemwambia mwanangu Stergios anipeleke Jumamosi. Akajibu kwamba matufaha hayajichumi yenyewe. Halafu akaongeza kuwa Larisa ni karibu zaidi, na kama ni hospitali atanipeleka hata leo. Nani kataja hospitali? Nitamtazamaje usoni mtu ambaye kanisani ni marehemu? Karatasi kwanza.

Kizazi hiki hakina mpangilio.

Jumatano, 8 Oktoba

Basi la kukodi, hamna namna. Dereva Nasos amesema hawashi injini kwa chini ya watu thelathini. Mimi niliyetaka nisionwe na mtu nimeshinda kutwa nagonga milango kutafuta mashahidi thelathini. Nimeiita hija. Wamejaa kabla ya saa kumi.

Na Lambrini ameshaiteka. Lambrini ni mke wa mwimbaji wa kanisa, mwanamke asiyeweza kuona kijiko bila kukishika mpini. Ameandika orodha ya viti. Yeye mbele, kwa sababu ya kichefuchefu. Mimi nyuma, juu ya gurudumu. Ameongeza mlo wa mchana. Ameongeza kusimama mahali pa jibini. Kisha akatangaza kuwa atakusanya karatasi zote za majina kwenye bahasha moja, ili tusiwasumbue masista.

Atazisoma. Huyu husoma hata maboksi ya dawa za watu.

Nimepanga hivi. Karatasi mbili. Moja ya bahasha, imejaa watu waliokufa kiasi kwamba hakuna wa kuuliza. Ya kweli ndani ya soksi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Marigo, binti wa Garufalia, amepiga simu. Sauti yake ni ya mama yake akiwa na miaka ishirini. Nilikaribia kukata kwa hilo peke yake.

"Mama mkubwa, anakuulizia. Njoo hata dakika tano. Ghorofa ya tatu, dirisha linatazama barabara."

Nimemwambia nina kazi nyingi wiki hii, na kazi zenyewe ni kwa ajili ya mama yake. Akauliza kazi gani. Nikamwambia asiwe mdadisi. Akasema wamembadilishia dawa, mama hali chochote. Nikamwambia ampe mchuzi wa kuku wenye ndimu, asiweke wali mwingi, Garufalia tangu utotoni wali humkaba.

Sijui kwa nini nakumbuka hilo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mkate wa sadaka umeungua chini. Polixeni anadai oveni ni mbovu. Oveni ni ileile iliyonilelea watoto wanne.

Nimeandika karatasi ya kweli. Nilisoma hadi darasa la tatu, lakini jina la mdogo wangu nalijua. Penseli ikavunjika kwenye G. Nikachonga. Ikavunjika tena. Mkono umeshazoea kumwandika upande ule mwingine, unakwenda wenyewe kama punda anayejua zizi. Mara ya tatu nimefaulu. Kushoto, juu kabisa, kabla ya wanangu. Nimemtazama pale kwa muda.

Ikaingia kwenye soksi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitaandika kwa mpango.

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri. Mvua. Wanawake wameimba zaburi mpaka kona ya tatu, kisha wakatapika.

Saa moja na nusu tumeingia Larisa. Taa nyekundu, na hospitali hii hapa, kando ya basi. Nikahesabu ghorofa. Kwenye ya tatu dirisha moja lilikuwa na taulo limeanikwa. Lambrini akasimama mbele kama mwalimu mkuu, akasema tungoje dakika kumi, Asimina ashuke amwone mdogo wake. Wote wakakubali. Hata Nasos. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, watu thelathini wakageuza shingo kunitazama.

Lambrini akaja mpaka kwenye kiti changu, akasema kwa sauti ndogo, sijawahi kumsikia nayo, "Shuka, dada. Tutakushikia kiti."

Nikamwambia kiti chenyewe kiko juu ya gurudumu, nani atakiiba. Nikamwambia Nasos afunge mlango, monasteri hazitungoji.

Akafunga.

Monasteri ya kwanza ilikuwa imefungwa. Hufungwa Jumamosi. Lambrini na orodha zake! Ya pili ng'ambo ya bonde, ngazi mia tatu zilizochongwa mwambani, na zote zinateleza. Lambrini alikuwa amevaa suruali, na kule mwanamke haingii na suruali, mlangoni wakamfunga sketi ya wageni yenye maua kama pazia la bafu. Hiyo ndiyo furaha yangu ya siku. Nilipumzika kila ngazi ya kumi. Chini yangu mawingu, juu yangu jiwe. Nilimwambia Mungu asinichukue pale, bado nina karatasi.

Juu kuna meza, kikapu, na sista kijana mwenye mafua. Nikavua kiatu mbele yake, nikavua soksi, nikampa karatasi. Akaisoma. Akauliza huyu wa kwanza ni mzima?

"Mzima," nikasema. "Andika mzima kwa wino."

Akasema haandiki, anaweka tu kikapuni. Ikaingia katikati ya mamia. Nusu dakika. Kengele yao ikapiga saa saba.

Nikageuka, Lambrini yuko nyuma yangu na bahasha yake. Alishaona soksi. Hakucheka. Akanionyesha karatasi yake mwenyewe, kushoto, kwa mwandiko wake wa kujidai: Garufalia. Akasema amemwandika kila Jumapili tangu aanze kuugua, mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu! Kumbe Padri alikuwa anamsoma mara mbili, mzima kwa Lambrini, marehemu kwangu, ibada moja. Mungu angejuaje la kufanya?

Sikula mlo wa mchana. Samaki walikuwa wabichi katikati, nimesikia.

Simu ilimfikia Lambrini saa kumi, mahali pa jibini. Marigo alikuwa analia hadi nikamsikia nikiwa mezani. Saa sita na nusu, alisema. Usingizini, kabla ya kisu chochote.

Saa sita na nusu nilikuwa kwenye ngazi. Nimepanda mia tatu kumpelekea marehemu maombi ya afya.

Tulipopita Larisa Nasos alisimamisha basi bila kuulizwa. Nilishuka. Ghorofa ya tatu kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Taulo bado lilikuwa dirishani, nikalichukua. Nesi alinitazama.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumemzika leo, siku waliyopanga kumpasua. Wamempaka rangi ya mdomo. Garufalia hakuwahi kupaka mdomo maishani.

Nilikuwa safu ya pili. Ya kwanza ni ya watoto, walisema. Nilimjua kabla ya watoto.

Baada ya maombi Padri Thimios akanishika mkono, akaniinamia. "Karatasi yako sasa iko sawa, Asimina," akasema. Hivyo tu, akaenda kuvua joho.

Alijua! Miaka kumi na mmoja alijua, na akasoma. Padri wa aina gani huyo? Angeniambia. Angenizuia. Kwa hiyo kosa la nani? Naacha hapa, aliye na akili ataona.

Jumanne, 14 Oktoba

Marigo amekuja asubuhi na peremende za msibani. Amekaa ukingoni mwa kiti. Amesema mama yake alimwachia neno la kunifikishia, alilisema Ijumaa jioni, akiwa na akili timamu. Nikangoja. Nilidhani ni juu ya mama na ile mifupa, kwamba amekiri.

"Alisema amekusamehe, mama mkubwa."

Amenisamehe. Yeye. Mimi! Nisamehewe nini? Nilimwonyesha Marigo mlango na peremende zake. Zile za lozi nimebaki nazo.

Kisha nikakaa kuandika karatasi ya Jumapili. Marigo, kulia, kwa marehemu. Penseli haikuvunjika hata kidogo. Halafu Garufalia. Nikaiweka penseli upande wa kulia, pale alipozoea. Nikaiweka tena. Mkono umekataa kabisa, mkaidi huu, hausikii la mtu. Nimekaa nao mpaka kahawa ikapoa. Basi. Amebaki kushoto, juu kabisa, pale nilipomweka Ijumaa.

Stergios, ukirudi kutoka shambani, usivue buti. Peleka karatasi hii na mkate kwa Padri Thimios. Akikuuliza chochote, mwambie mama kasema asome kama ilivyoandikwa.