Shangazi Mwenye Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 4 Julai 1994

Nimeamka na hasira. Chai haikushuka. Amira, mke wangu, kauliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa kocha.

Jana kwenye mkutano wa tawi Kocha Gaudens alikuja mwenyewe. Usajili unafungwa Jumamosi hii, na Sikukuu Sports, timu ya baba yangu na babu yangu, haina mshambuliaji! Msimu uliopita tulifunga mabao tisa. Mawili kati ya hayo wapinzani walijifunga wenyewe. Nikasimama, kwa heshima zote, nikamwuliza anatuletea nani. Akasema suala la mshambuliaji tumwachie yeye. Tumwachie! Mtu aliyemruhusu kipa wetu wa akiba aende zake Tanga, eti Benjamini peke yake anatosha golini! Nikataka kuendelea. Mwenyekiti akaniambia Uwesu kaa chini. Nikakaa, shingo upande.

Kariakoo napo hakuna pa kupumulia. Meza yangu ya jinzi za mitumba iko mbele ya duka la vitambaa la Mihir, Mtaa wa Kongo. Mihir kazaliwa hapo hapo juu ya duka, na ni Narung'ombe Rovers wa kutupwa. Kanisalimia asubuhi kwa kuniuliza kama bado tunacheza mpira au tumehamia bao. Wateja wakacheka. Nikakunja jinzi moja mara nne bila sababu.

Nimeamua. Kama kocha hawezi kusajili, nitasajili mimi.

Jumanne, 5 Julai

Mungu mkubwa! Nimempata.

Ilikuwa hivi. Mihir alikuwa anasoma gazeti la michezo (siku hizi kila wiki linazaliwa gazeti jipya, ruksa tupu). Akasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba Pantaleo yuko mjini. Pantaleo! Straika wa Masasi! Mguu wa kushoto unaotisha makipa kusini nzima! Kafikia gesti moja karibu na Mnazi Mmoja. Mihir akasema Narung'ombe watamchukua kabla ya chai ya jioni. Nikasema atavaa zambarau ya Sikukuu. Akasema chungwa. Tukapandishana mpaka tukawekeana nadhiri mbele ya watu. Pantaleo akisajiliwa Sikukuu, Mihir ataninadia mitumba Jumamosi nzima akiwa kavaa jezi ya zambarau. Asiposajiliwa Sikukuu, mimi ndiye nitakayenadi nikiwa na jezi ya chungwa.

Mimi! Katika chungwa! Marehemu baba alikuwa hapiti hata karibu na rangi hiyo. Bahati nzuri machungwa ya Muheza ni ya kijani, vinginevyo nisingeijua ladha yake.

Nikamwachia jirani meza, mbio gesti. Pantaleo kakaa kitandani na begi lake, mrefu, mpole, mwenye njaa. Nikajitambulisha kuwa ni Katibu Mwenezi wa Tawi la Kongo, nimekuja kumficha. Hakushangaa hata kidogo. Mchezaji gani wa nchi hii hajui kwamba wakati wa usajili lazima afichwe? Aliuliza tu kama huko tuendako kuna chakula.

Njiani akaniambia Kocha Gaudens ndiye aliyemwita, akamwambia asubiri hapo gesti, Ijumaa waende kusaini. Nilisimama katikati ya barabara, nusura nigongwe na mkokoteni. Kumbe anamtaka! Anamtaka, halafu anamwacha gesti kama mwavuli uliosahauliwa! Narung'ombe si wangepita tu wakamwokota?

Sasa yuko kwangu. Uongozi sitauambia. Uongozi wetu unavuja kama chujio. Jumamosi alasiri nitamtoa mwenyewe, na ngoma ya mdundiko mbele, mpaka ofisi ya usajili. Mji mzima utajua ni kazi ya nani.

Jumatano, 6 Julai

Tatizo dogo. Nyumba yetu hapa Mchikichi ina vyumba sita na choo kimoja, uani. Na mwenye nyumba, Bi Sofia, ni Narung'ombe. Tena si wa kawaida. Paka wake anaitwa Rovers.

Amira alisema nimrudishe mtoto wa watu gesti. Nikamwambia hili ni suala la taifa. Akasema taifa lilale kwenye kitanda chake basi, kwa sababu usiku wa jana yeye kalala na mashuka chini.

Nimepata ufumbuzi. Baibui! Pantaleo sasa ni shangazi yake Amira kutoka Masasi, kaja kutibiwa meno, kwa hiyo haongei. Baibui la Amira lilimfika magotini. Ikabidi niende kwa Mihir kununua kitambaa cheusi. Mihir akauliza msiba wa nani. Nikasema shangazi. Akanipa pole, akaniongezea kitambaa bure. Nikaona aibu kidogo, lakini huu ni wakati wa vita.

Mchana shangazi alivuka uani kwenda chooni. Bi Sofia, mtu mzima kabisa, akaangalia urefu ule akajikuta anasema shikamoo. Pantaleo akaitikia marahaba kwa sauti nzito kama mlango wa bandarini. Bi Sofia akasema masikini, jino limemharibu kabisa.

Anakula! Ugali wa watu wanne, halafu anauliza kama tunasubiri wageni.

Alhamisi, 7 Julai

Saba Saba. Ni siku ya mapumziko, mji wote umeenda kwenye maonyesho. Mimi nimebaki kulinda mali ya klabu.

Nilimruhusu shangazi akae barazani apunge upepo. Kosa langu, nakiri. Watoto walikuwa wanacheza chandimu uchochoroni. Mpira wa makaratasi ukapaa, ukamjia kifuani. Ni nini kilimpata? Kautuliza kwa kifua, kausubiri ushuke, kaupiga kwa kushoto. Ukapita juu ya ukuta, ukapita juu ya paa la jirani, ukaenda kuangusha sufuria ya mtu mtaa wa pili. Watoto wakakimbilia ukutani kuchungulia. Mmoja akapiga makofi.

Bi Sofia aliona yote kutoka dirishani. Akatoka taratibu, akamwangalia shangazi toka kichwani mpaka miguuni, na miguu yenyewe ilikuwa ndani ya kandambili zangu, visigino nje. Akasema enzi zake naye alikuwa hivyo hivyo, alicheza netiboli mpaka Morogoro. Halafu akamletea shangazi bakuli la tambi.

Nimetoa jasho la kujaza ndoo. Lakini nimefurahi! Mguu gani ule! Jamani, mguu gani ule!

Ijumaa, 8 Julai

Siku ngumu. Kocha Gaudens kaja mezani kwangu!

Uso umemsawajika. Kasema Pantaleo katoweka gesti tangu Jumanne. Viongozi wamemtafuta mpaka stendi ya mabasi ya kusini. Kasema amesikia kwamba mimi najua kila kichochoro cha Kariakoo, hivyo ananiomba msaada. Kasema akimkosa kijana huyo, msimu mzima atachezesha kiungo mbele.

Nilikaribia kumwambia. Ulimi ulishafika menoni. Ndipo nikajiuliza. Kwa nini kocha mzima aje kwangu? Kwa nini leo? Na kwa nini wakati huo huo Mihir yuko mlangoni kwake, anapima kitambaa ambacho hakuna mteja aliyekiomba? Mtego! Gaudens ama kanunuliwa, ama anafuatwa. Nikasema sijui lolote.

Ili nisishukiwe, nikajiunga na msako. Tumezunguka Ilala, Buguruni, Temeke, tumerudi kupitia Kivukoni. Nimegonga milango kuliko wote. Nimemwita Pantaleo kwa sauti kule sokoni Feri mpaka mnadishaji samaki akaniambia nimwache afanye kazi. Kocha kanishika mkono mwishoni, macho mekundu, kasema klabu ingekuwa na watu kumi kama mimi tungefika mbali. Nilikubaliana naye.

Nimerudi nyumbani nimechoka, Pantaleo kamaliza chakula changu. Kaniuliza kwa upole kama leo haikuwa Ijumaa ya kusaini. Nikamwambia mipango imeboreshwa.

Jumamosi, 9 Julai

Siwezi kuandika vizuri.

Mdundiko ulifika saa nane kamili, kama tulivyopatana. Ngoma nne, akina mama kumi na kitu, na wengine wakajiunga njiani wakidhani kuna harusi. Pantaleo katikati na baibui lake. Mpango ulikuwa alivue mbele ya ofisi ya usajili, ndani kavaa jezi ya zambarau. Tumepita Kongo. Nilihakikisha tumepita Kongo! Mihir katoka dukani, kaangalia ngoma, kaangalia saa yake, kacheka. Nikasema cheka, utalia.

Tumefika ofisini saa tisa. Mlango umefungwa. Kufuli kubwa. Mlinzi anakula muhogo. Nikamwuliza wamekwenda kula? Akasema wamekwenda nyumbani. Jumamosi ofisi hufungwa saa sita.

Saa sita!

Sasa mimi ningejuaje? Mimi ni mtu wa meza! Kwetu Jumamosi ndiyo siku kubwa, tunauza mpaka taa ziwake. Ni binadamu gani anafunga kazi Jumamosi saa sita mchana? Nikamwambia mlinzi kwamba usajili unakwisha leo. Akasema umekwisha. Kasema kocha mmoja alikaa hapo kwenye ngazi tangu asubuhi akisubiri mchezaji, kaondoka ofisi zilipofungwa, hata mkono wa kwaheri hakupunga.

Wapiga ngoma walikuwa hawajasikia, wanaendelea kupiga. Pantaleo kavua baibui, kwa sababu tulipatana alivue tukifika hapo. Kasimama pale na zambarau yake, mrefu, mzuri, miguu mitupu. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikakaa chini kwenye ngazi, nikalia. Nimelia kweli, sitaficha. Pantaleo kanishika bega, kasema kaka Uwesu, usilie, twende tukale.

Jumapili, 10 Julai

Nimefikiri kwa utulivu. Kosa ni la kocha.

Hebu tuseme ukweli. Kocha gani anashindwa kumpata mchezaji mwenye urefu ule, aliyelala Mchikichi, hatua chache tu kutoka makao makuu ya klabu? Angenibana kidogo tu Ijumaa, ningesema. Hakunibana! Hana msimamo. Nimelieleza hili tawini. Mwenyekiti kaniomba nirudie ile sehemu kwamba Pantaleo alikuwa kwangu. Nikarudia. Wamenivua ukatibu mwenezi.

Gaudens hakupandisha sauti. Kaniuliza tu kama kijana alikuwa anakula vizuri. Nikasema sana. Kasema afadhali. Maneno hayo yamenichoma kuliko tusi, lakini yatapita.

Jioni kituko. Bi Sofia kagundua kwamba shangazi ana ndevu. Nilidhani ataita mgambo. Kumbe kachukia tu kwamba Narung'ombe hawakuwa na habari yoyote na Pantaleo. Mpwa wake yuko kwenye kamati yao. Kasema msimu huu hawakutaka straika kabisa, wanao watatu. Maneno yale kwamba Narung'ombe watamchukua gesti, Mihir aliyatunga papo hapo, kwa utani.

Sikumwamini. Mihir ana mdomo, lakini si mtu wa kutunga.

Jumamosi, 16 Julai

Nimevaa chungwa. Sitaki kueleza.

Nitasema tu kwamba mtaa wote wa Kongo ulikuja kununua jinzi. Mama yake Mihir, Ranjanben, kashuka ngazi kwa mara ya kwanza tangu mvua za masika ili aje anione, kaniletea na kachori. Kasema rangi imenikubali. Pantaleo yuko nami mezani sasa, anasubiri usajili mwingine, hawezi kurudi Masasi mikono mitupu. Ananadi vizuri kuliko mimi. Amira kasema basi abaki, maana kaka huyu angalau anaosha vyombo.

Ilipofika jioni Mihir kanivua jezi mwenyewe, kanikumbatia, kaninunulia soda. Tumemaliza. Mtu muungwana, pamoja na timu yake mbovu.

Jumamosi, 23 Julai

Kesho ligi inafunguliwa. Na leo nimeokoa klabu. Safari hii hawatanivua kitu, watanivika!

Asubuhi Mihir kaniita nyuma ya majora ya vitambaa. Kachungulia kushoto na kulia. Kasema ananiambia kama jirani, roho inamsuta: Narung'ombe wanamvizia Benjamini, kipa wetu wa pekee. Kasema wanaweza hata kumfuata kambini leo leo. Alipokuwa anasema, shavu lilikuwa linamcheza. Woga huo. Nikamshukuru sana.

Uongozi sikuuambia. Unavuja. Nimekwenda kambini, nikamwambia Benjamini kwamba kocha kanituma. Baibui la Pantaleo lilikuwa bado liko kabatini, limemkaa barabara. Tumepanda pantoni mpaka Kigamboni, nimemkabidhi kwa shemeji yangu, nje kabisa huko kwenye mikorosho. Nimemwambia asitoke, asifungue mlango kwa yeyote, hata akija Gaudens mwenyewe analia. Nitamfuata mimi, Jumatatu.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimekula, nikampa Pantaleo nyama yangu. Zambarau yangu iko kambani, inakauka. Kesho saa kumi jioni tunacheza na Narung'ombe wenyewe, na sijawahi kwenda uwanjani nikiwa na amani kama hii.