Mbwa wa Majaribio Sebuleni kwa Mkurugenzi

Kwa heshima kubwa natangaza kwamba lile tatizo sugu la familia kufuga mbwa wasiowafaa limekwisha. Imeundwa Idara ya Ulinganifu wa Mbwa na Familia, nami, baada ya utumishi wa muda mrefu usio na doa, nimeteuliwa kuwa Mbwa wa Majaribio.

Wapo wanaocheka. Hao hawajausoma Waraka wa Idara. Waraka unakataza mbwa yeyote kuingia nyumbani kabla familia haijapimwa, na unakataza familia kupimwa bila mbwa. Wataalamu walikwama hapo mpaka niliponyosha mkono. Mtu aliyesoma shule ya jioni hadi akapata cheti hatishwi na vifungu viwili vinavyogombana. Tangu hapo ninaingia nyumba za watu kwa miguu minne, tai shingoni, huku katibu akinifuata nyuma na kutangaza, "Sasa ni mbwa mchungaji," au, "Sasa ni kale kadogo ka kubebwa." Nabadilika papo hapo. Familia inatazamwa, inapewa alama, kisha inaambiwa mbegu inayoifaa. Mbegu zote zinapatikana dukani kwa shemeji yake Mkurugenzi wa Idara, jambo linalowapunguzia wananchi usumbufu.

Kesi ngumu ilikuwa ya fundi cherehani mmoja, mama mjane anayeishi na wanawe na baba mkwe wake nyuma ya duka la kushonea. Yeye tayari alikuwa na mbwa koko, aitwaye Vipande kwa sababu hulala juu ya mabaki ya vitambaa chini ya cherehani. Tulimtoa nje, nikaingia mimi.

"Mzee, ngoja kwanza," fundi akasema. "Sakafu imejaa pini. Nifagie."

"Mbwa haitwi mzee," katibu akaonya.

"Sasa nimwiteje? Huyu si umri wa baba yangu?"

Binti yake mdogo akanikuna nyuma ya sikio. Baba mkwe akanitazama kwa huruma. "Mwenzangu, hayo magoti yatakulaani." Nikabweka kwa mujibu wa taratibu. Wakaniwekea maji, na walipokula wakanibakizia. Sijawahi kutoa alama za juu kama zile.

Hata hivyo Vipande hana mbegu, na Waraka haumtambui mbwa asiye na mbegu. Fundi akapewa hadi Ijumaa awe amemtoa Vipande na kumnunua mchungaji kwa shemeji.

"Wanangu wanalala na huyu mbwa tangu baba yao afariki," alisema. "Mkimchukua, nani atakuja kulala nao? Wewe katibu?"

Katibu alipekua Waraka wote. Hakukuwa na kifungu.

Ijumaa ilipofika, fundi alifika ofisini kwetu, Vipande kwapani, wakati waandishi wa habari wakimpiga picha Mkurugenzi.

"Baba Mkurugenzi, shikamoo. Wewe umeshapimwa?"

"Mimi?"

"Si umesaini kwamba kila familia itapimwa? Au kwako hakuna familia?"

Kamera zote zikamgeukia. Mkurugenzi akatabasamu kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. "Twendeni kwangu sasa hivi. Mtaona familia ya mfano."

Tulikwenda. Mkurugenzi akabaki kibarazani akiwahutubia waandishi, mimi nikaingia sebuleni. Zulia lilikuwa laini. Magoti yangu yalishukuru. Mkewe akaniwekea mto. Watoto wakanirushia mpira, nikaurudisha kwa mdomo, wakaangua kicheko. Alama zilikuwa zinapanda vizuri kabisa.

Kisha mwenye nyumba akaingia.

Watoto wakapotea nyuma ya pazia. "Nani kaleta uchafu kwenye zulia langu?" Mkurugenzi alifoka, akiwa amesahau kilichotuleta. "Toka hapa! Na chakula changu kiko wapi?"

"Chumbani, Baba Watoto," mkewe akajibu taratibu. "Unakokula peke yako."

Mkurugenzi akanipiga teke la ubavuni. Nilitoa mlio wa mbwa aliyeumia, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu sikuhitaji kuigiza.

Mimi na katibu tulijumlisha alama palepale, waandishi wakiwa wamejaa mlangoni. Matokeo niliyasoma nikiwa bado kwa miguu minne, kama utaratibu unavyotaka.

"Familia hii haiwezi kupewa mbwa. Nafasi imeshajazwa. Yupo anayebwekea wageni, anakula peke yake, na watoto humkimbia."

"Ana chanjo?" mwandishi mmoja akauliza.

Mke wa Mkurugenzi akasema atatafuta kadi.

Mkurugenzi alitaka kukata rufaa, lakini rufaa zote husikilizwa na Mkurugenzi, na Waraka, wenye saini yake, unakataza mtu kusikiliza shauri lake mwenyewe. Unaagiza pia kwamba aliyesababisha familia kushindwa aende mafunzoni katika nyumba yenye alama za juu kuliko zote, chini ya mbwa mkufunzi. Nyumba hiyo ni ya fundi, na ndiyo maana Vipande hakuondolewa. Amesajiliwa rasmi kuwa Mkufunzi, na wakufunzi hawaulizwi mbegu.

Nilipita kwa fundi juzi kukagua maendeleo, safari hii kwa miguu miwili. Watoto walikuwa wamelala, Vipande katikati yao. Mkurugenzi alikuwa ameketi kando ya cherehani akiokota pini.

"Anajitahidi," fundi aliniambia. "Siku hizi anakula na wenzake. Wateja bado anawabwekea kidogo, lakini Vipande akimtazama tu, anakaa."