Cherehani Ndani ya Mkia wa Ndege

Leo heshima yangu nimeiacha kwenye kiwanja cha ndege cha Kolwezi. Ninyi wenzangu mliohamia Fungurume mtasikia tu kwa madereva wa malori, kwa hiyo heri niwaandikie mwenyewe, na wakosaji niwataje kwa majina.

Mnaijua ile ndege ndogo ya Citoyen Ngoie, fundi wa mitambo wa mgodini. Ililetwa vipande vipande ndani ya masanduku, tukaiunga nyuma ya nyumba yake. Yeye alipiga hesabu, mi nilichonga mbavu za mabawa. (Shule yangu iliishia pale mwalimu alipoanza kugawanya.) Mbao zilizokuja zilikuwa zimeoza, nikachonga nyingine kwa mti wa hapa. Zikawa nzito. Tukazitoboa matundu, tukapima tena. Bawa la kwanza likapinda, tukalivunja. Mkia ukalemea, tukaisogeza injini mbele. Miaka ilipita hivyo, na mshahara wangu ulikuwa ahadi moja: siku ndege ikienda Sandoa, kiti cha pili ni changu.

Jana Ngoie akanionya, "Tata Mukendi, begi moja, kadogo. Hii ndeke iko ya batu babili tu."

Nikakubali. Nikarudi nyumbani.

Mkosaji wa kwanza ni mama mukwe wangu, mtu wa Sandoa, aliyekuja kututembelea tangu mavuno na bado anatutembelea. "Utafika kwetu mikono mitupu?" akaniuliza. "Batasema mutoto wangu aliolewa na mwizi." Akanifungia zawadi za kwao. Wa pili ni jirani Mama Kapinga, na chumvi ya kumpelekea dada yake aliyeko huko Sandoa. Wa tatu ni Tata Kasongo, fundi nguo, na cherehani ya binti yake aliyeolewa hukohuko. Ya chuma. Ungekataa wewe? Kwetu ukikataa mzigo wa jirani, siku ya kilio chako utazika peke yako.

Basi alfajiri kiwanjani, Ngoie akipangusa kioo, nikafungua kile kidirisha cha kukagulia nyaya za mkia (nilikichonga mwenyewe, najua kinavyofunguka), nikasukuma kila kitu ndani. Ndege haikusema kitu, maana pua yake ilifungwa kwa kamba kwenye kigingi, kwa ajili ya upepo.

Watu wakajaa. Commissaire wa zone, mkubwa wetu wa serikali, akaja, akina mama wakacheza. Nikapanda na koti langu jipya la abakosi, nikawapungia mkono kama waziri. Ngoie akaamuru, "Fungueni kamba."

Wakafungua. Pua ikapanda juu, mkia ukashuka chini, ndege ikakaa kitako kama mbwa. Tukabaki tunatazama mawingu, injini haijawashwa.

Ngoie akanigeukia taratibu. "Tata Mukendi, uliweka nini mu mukia?"

"Begi yangu tu."

"Begi njo inakalisha ndeke?"

Ningeweza kushinda. Lakini Mama Kapinga akapaza sauti, "Tata Mukendi, chunga chumvi yangu, isimwangike."

Na Kasongo naye, "Mashini uitoe pole pole. Sindano iko ndani."

Ikabidi niingie kidirishani kichwa kwanza, miguu nje, suruali ikapasuka pale pasipopaswa. Nikasikia Commissaire akiuliza, "Citoyen, hii iko ndeke ao lori ya soko?" Akina mama wakaacha wimbo wa chama, wakaimba wangu.

Cherehani ilikuwa imelala juu ya waya wa usukani. Ngoie akaishika, akanionyesha waya ulivyobanwa. Halafu: "Hii ingetushona ku udongo." Ile vita ilipofika Kolwezi nilikaa chini ya kitanda, risasi zikanikosa. Leo nilijipakilia kifo mwenyewe, na chumvi juu yake.

Ngoie akatazama watu, akamwona mama mukwe, mwembamba kama ufito. "Mama, uko na mizigo?"

"Niko na rozari yangu tu."

Akapanda kiti changu. Hakunipungia mkono. Mi nikarudi kwa miguu, cherehani kichwani, Kasongo nyuma yangu: "Pole pole, tata."

Nikajifariji kwamba, hata hivyo, mama mukwe ameondoka. Jioni ndege ikatua. Ngoie akashuka, na mama mukwe nyuma yake. Anasema alipoiona Sandoa alikataa kushuka: angefika kwao namna gani mikono mitupu?

Atangojea lori, aende pamoja na cherehani. Lori linapita kwenu kwanza, ndipo lifike kwetu. Likiharibika huko Fungurume, nawaomba, msicheke. Litengenezeni.