Kanisani Hakuna Kuomba

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Aibu! Niiandike kwa utaratibu, maana aibu isiyopangwa haina funzo.

Ibada ilichukua saa mbili na dakika kumi. Katika muda huo binti yangu Chiriku (jina la cheti tumeshalisahau, ana miaka minne na mdomo wa watu wanane) aliomba maji mara tatu, biskuti mara mbili, na miwani ya mzee aliyekaa mbele yetu mara moja. Wakati wa toba, kanisa zima likiwa kimya, aliomba kwenda kukojoa. Hakunong'ona. Na mchungaji alipotamka "na mwisho kabisa" kwa mara ya tatu, Chiriku akaniuliza kwa sauti ya mnadani eti mbona yule baba hajui kumaliza. Benchi la nyuma lilitikisika kwa vicheko.

Laiti ingekuwa wiki nyingine! Askofu anakuja tarehe 18, na mchungaji anatafuta wa kusoma somo la siku hiyo. Nimehariri kamusi miaka ishirini na miwili. Hakuna mwingine pale anayejua mahali pa kuvuta pumzi katika sentensi ndefu. Lakini mlangoni mchungaji alinipa mkono akasema atatangaza jina Jumapili ijayo, na kwamba angependa msomaji ambaye nyumba yake imetulia. Kisha akamtazama fundi cherehani aliyesimama nyuma yangu.

Fundi! Mtu anayeipita nukta kama haioni! Ila binti yake, rika la Chiriku, hukaa kanisani kama mtungi uliofunikwa. Fundi aliniambia pole, ndugu yangu, watoto ni watoto. Pole ile imeniingia hadi kwenye mfupa.

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Nimechambua. Matamko ya jana yalikuwa manane. Saba yana kitenzi kimoja: kuomba. Ziba chemchemi, mto utakauka.

Nimetunga kanuni: Kanisani hakuna kuomba. Maneno matatu. Hayana utata hata chembe.

Mke wangu aliisikia akiwa anakunja nguo. Akauliza kama nina uhakika na sentensi hiyo. Nikamjibu kwamba sentensi ndizo kazi yangu. Akasema haya, baba Chiriku. Kamusi yetu imeorodhesha maana nne za "haya". Hii yake haimo.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Mazoezi sebuleni. Nimepanga viti safu mbili. Mto wa kochi ndio mchungaji. Kanisani hakuna nini? Kuomba! Amekariri mara ishirini bila kukosea. Nikamtega: je, mtu mwingine akiomba? Akafikiri, kidole puani. Akasema tutamwambia aache.

Mantiki safi! Hakurithi kwa upande wa mama. Nimempongeza na kumpa biskuti, ambayo, nasisitiza, hakuiomba.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Ulinzi peke yake hautoshi. Leo nimeingia dukani kutafuta pipi yenye karatasi ya kelele. Nilizifinya moja moja kando ya sikio hadi muuzaji akauliza nanunua pipi au nanunua redio. Nikapata moja inayochakarika kama mabua yanayowaka.

Kisha nikapeleka suruali kwa fundi, iwe kisingizio cha kufika, na kumpa binti yake ile pipi. Nikamsisitizia aifungue keshokutwa, wakati wa mahubiri, si kabla. Aliipokea kwa mikono miwili. Fundi aliguswa sana. Akaniita kaka, akaipunguza suruali yangu papo hapo na kuwaruka wateja wawili. Dhamiri ikataka kusema kitu. Nikaiambia isubiri hadi Jumatatu.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Nitajitahidi kufuata mpangilio.

Mwanzo: utulivu mtupu. Sala za mwanzo huimbwa, na kwa Chiriku kuimba si kuomba. Alikaa amebana midomo kama mfuko wa zipu. Mchungaji alitutupia jicho mara mbili, na mara ya pili akatikisa kichwa kwa kuridhika. Niliona tayari namna nitakavyofungua kitabu mbele ya askofu.

Mahubiri: nilitega sikio upande wa fundi. Kimya! Hakuna mchakariko! Kapu la sadaka likapita. Binti wa fundi akaifungua ngumi yake na kuitumbukiza pipi kapuni, nzima, na karatasi yake. Kina mama wakaguna kwa huruma. Mmoja akafuta machozi. Pipi yangu!

Ndipo mchungaji akanyoosha mikono, akafumba macho, akasema: Tuombe.

Chiriku akapanda juu ya benchi. Akatangaza kwamba kanisani hakuna kuomba, baba amekataza.

Mchungaji akafumbua jicho moja. Chiriku akadhani hajasikika, akamwambia aache. Akamgeukia bibi wa kwaya aliyekuwa ameinama, akamwambia na wewe bibi acha. Nikamvuta gauni. Akanikumbusha, mbele ya watu mia mbili, kwamba ni mimi niliyekubali mtu akiomba aambiwe aache. Mzee wa miwani akauliza jirani yake kama sisi ni wa dhehebu gani.

Binti wa fundi alicheka hadi akateleza chini ya benchi. Hakuna aliyemwona ila mimi.

Atakayesoma mbele ya askofu ni fundi. Mimi nimeitwa ofisini kesho, kwa mazungumzo kuhusu imani yangu.  Tulipofika nyumbani mke wangu akasema haya.

Jumatatu, tarehe 12 Agosti

Nimemweleza mchungaji maana mbili za kitenzi kile, kila moja na mfano wake. Alisikiliza kwa subira, akacheka, akasema mtoto wa miaka minne si kamusi, ndugu yangu, mshike mkono tu ukae naye. Ushauri wa jumla mno.

Lakini ameninyooshea mkono! Siku ya askofu kila familia itakwenda mbele kutoa kwa ajili ya kuezeka paa jipya, na yetu ndiyo itakayoongoza, ili watu waone kwamba hatuna ugomvi na ibada. Askofu mwenyewe atakuwa amesimama penye kapu!

Kwa hiyo mbinu ilikuwa sahihi. Kilichoniponza ni kitenzi kimoja tu. Sitarudia. Na kazi imeshajitokeza: jioni mke wangu alipochukua gauni la Jumapili kulifua, alikuta mfukoni konokono, mzima, anatembea. Chiriku akaeleza kwamba anamtunza ili amtoe siku ya askofu.

Nimetunga kanuni mpya: Mbele ya askofu hatutoi kitu. Amekariri mara thelathini. Na mtu mwingine akitoa? Amefikiri, kidole puani, akasema tutamwambia arudishe mfukoni.

Mantiki safi! Mke wangu, akiwa mlangoni na beseni, ameuliza kama nina uhakika na sentensi hiyo. Nimemkumbusha kazi yangu.

Amesema haya.